Kuhamia Toleo Jipya la Mfumo wa Hospitali: Kazi Isiyo ya Mafundi Peke Yao

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja niliyokuwa nikifanya kazi, mfumo wa kompyuta unaotunza kumbukumbu za wagonjwa ulihamishiwa toleo jipya. Kazi ilianza Ijumaa saa moja usiku. Mafundi wa TEHAMA waliizima seva ya zamani, wakaihamisha kanzidata kwenda kwenye seva mpya, na ilipotimu saa tatu wakatangaza kwamba mfumo umerudi. Kurasa zilikuwa zikifunguka haraka kuliko tulivyozoea. Tulipongezana, kila mmoja akaenda nyumbani.

Saa tano usiku, katika wodi ya wazazi, mkunga aliyeletwa kushika nafasi ya mwenzake aliyeitwa chumba cha upasuaji alifungua taarifa za mama mmoja mwenye kifafa cha mimba. Mama huyo alikuwa akipewa magnesiamu salfeti kwa sindano, gramu 5 kwenye msuli wa tako kila baada ya saa 4. Skrini ilionesha kwamba dozi ya mwisho ilitolewa saa 19:00. Saa ya ukutani ilikuwa 23:00. Hesabu ilikuwa nyepesi: muda umetimia. Mkunga aliandaa sindano, akamsogelea mgonjwa, naye mama yule, akiwa katikati ya usingizi, akamwambia, "Sista, si mmenichoma sasa hivi tu?"

Mkunga akasita. Aliitazama karatasi ya kupimia mkojo iliyoning'inizwa kitandani, akakuta mwenzake ameandika kwa kalamu: dozi imetolewa saa 4:00 usiku. Yaani 22:00. Skrini na karatasi zilitofautiana kwa saa 3 kamili, na mgonjwa alikuwa upande wa karatasi. Mama yule hakuchomwa dozi ya pili.

Wasomaji walio wauguzi na wakunga hawahitaji kuelezwa hatari iliyokuwapo. Kwa wasomaji wengine: magnesiamu huzuia degedege la kifafa cha mimba na imeokoa wajawazito wengi, lakini ikizidi mwilini huondoa kwanza mwitiko wa goti, kisha hudhoofisha upumuaji, na mwisho huweza kuusimamisha. Ndiyo maana kabla ya kila dozi tunahakikisha mgonjwa anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaitikia nyundo, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Na kalisiamu glukoneti huwekwa karibu. Dozi inayotolewa saa 1 baada ya nyingine, badala ya saa 4, huvuruga utaratibu huo wote.

Chanzo kilijulikana asubuhi. Seva ya zamani ilikuwa imewekwa kwenye saa ya Afrika Mashariki. Seva mpya ilifungwa ikiwa kwenye saa ya kimataifa, UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Kila kilichorekodiwa baada ya mfumo kurudi kilipewa muda wa uongo. Dozi ya saa 22:00 ilionekana kutolewa saa 19:00, wakati ambao kwa kweli seva ilikuwa imezimwa. Programu haikuonesha kosa lolote, kwa sababu kwa upande wake hapakuwa na kosa. Hakuna fundi aliyekuwa mzembe. Kila kipengele katika orodha yao kilikuwa kimetimizwa. Tatizo ni kwamba orodha hiyo iliandikwa bila mtu hata mmoja anayetoa dawa kuwamo chumbani. Mimi mwenyewe nilialikwa kwenye kikao kimoja cha maandalizi, nikatuma udhuru kwa kuwa nilikuwa na kliniki.

Tangu hapo nimeshiriki katika maandalizi ya kazi kama hiyo, na ninaamini kwamba sehemu ngumu ya mpango wa kuhamia toleo jipya haipo kwenye chumba cha seva. Ipo wodini, maabara na kwenye dirisha la dawa, na wanaoijua ni wale wasioitwa kwenye vikao.

Huenda msomaji akauliza: kama hatari ni kubwa kiasi hiki, kwa nini tusiuache mfumo wa zamani ulivyo? Swali hili nimelisikia kwa wakuu wa idara wengi, na lina uzito. Mfumo uliozoeleka una kasoro zinazofahamika. Muuguzi anajua ni kitufe gani cha kutobonyeza. Lakini programu za seva hazidumu milele mikononi mwa watengenezaji wake. Kila toleo kuu lina muda wake wa kuhudumiwa, na muda huo ukiisha, matundu ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena. MySQL 5.7, programu ya kanzidata iliyotoka mwaka 2015, ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 2023. Mwezi huohuo ndipo Microsoft ilipoacha kuihudumia kwa kawaida Windows Server 2012. PostgreSQL hulihudumia kila toleo kuu kwa takriban miaka 5. Hospitali iliyofunga mfumo wake miaka kumi iliyopita na kuusahau inaelekea kuwa imejengwa juu ya kitu ambacho aliyekitengeneza ameshaacha kukitazama.

Gharama ya kuchelewa ilionekana Uingereza tarehe 12 Mei 2017, pale programu hasidi iitwayo WannaCry ilipofunga kompyuta za hospitali na kudai fidia. Taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma nchini England ziliathirika, na inakadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa kilikuwa kimetolewa na Microsoft mwezi Machi mwaka huohuo. Ukaguzi uliofanywa baadaye ulionesha kwamba kompyuta nyingi zilizoambukizwa hazikuwa na mfumo wa kale kabisa. Zilitumia Windows 7, iliyokuwa bado ikihudumiwa, ila hakuna aliyeweka kiraka. Ninalitaja hilo kwa sababu hospitali ikishaahirisha kazi kubwa mara tatu, huanza kuahirisha na ndogo.

Basi kuhama ni lazima. Namna ya kuhama ndiyo inayotakiwa kupangwa, na upangaji huanza kwa kujua nini kimeunganishwa na nini. Hapa mchoro uliobandikwa ofisini kwa mafundi haushindi miguu. Fuata sampuli moja ya damu kutoka kitandani. Muuguzi anaandika ombi, printa inatoa lebo yenye msimbopau, mashine ya kupimia inausoma, jibu linapita kwenye programu ndogo inayounganisha mashine na mfumo mkuu, mteknolojia analithibitisha, jibu linatokea kwenye skrini ya daktari, ankara inakwenda kwa mhasibu, na ikiwa mgonjwa ana bima, madai yanakwenda kwa mfuko. Mwisho wa mwezi jumla za vipimo zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa hapa kwetu na kwa jirani zetu Kenya. Nilipoifuata safari hiyo mara ya kwanza nilikuta ile programu ndogo ya kuunganisha ikiishi ndani ya kompyuta iliyokaa sakafuni chini ya meza ya maabara, ikiwa na karatasi iliyoandikwa "USIZIME". Aliyeiandika programu hiyo alikuwa ameshahama mkoa. Haikuwamo katika orodha yoyote ya mali ya TEHAMA.

Baada ya viungo, hufuata mabadiliko ya toleo lenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo makosa ya kimyakimya yanapozaliwa. Nichukue MySQL, ambayo ndiyo kanzidata ya mifumo mingi ya afya, ikiwamo OpenMRS, mfumo ambao historia yake imefungamana na kazi ya madaktari wa Indiana, Marekani, na wenzao wa Eldoret, Kenya. Kutoka toleo la 5.7 kwenda 8.0, maneno kadhaa yaliyokuwa huru, kama RANK na GROUPS, yakawa maneno ya programu yenyewe. Ripoti ya zamani yenye safu iliyoitwa hivyo hugoma. Kugoma si kubaya sana, kwani kila mtu anaona. Kubaya zaidi ni hiki: katika toleo la zamani, ukiomba taarifa zijumlishwe kwa makundi, programu ilikuwa ikizipanga yenyewe kwa mfuatano. Toleo la 8.0 haliahidi tena kupanga usipoagiza. Ripoti inatoka, namba ni sahihi, lakini mistari imepangika vingine. Kama wodi imezoea kwamba mstari wa mwisho ndio jibu la karibuni la himoglobini, mtu anaweza kuagiza damu kwa jibu la wiki iliyopita.

Tena kuna suala la herufi. Kanzidata za zamani nyingi zilihifadhi maandishi kwa seti ya herufi iitwayo latin1. Toleo la 8.0 hutumia utf8mb4 isipoelekezwa vingine. Uhamisho ukifanywa bila uangalifu, alama zisizo za kawaida hugeuka vitu visivyosomeka. Kwa mtu wa benki huo ni uchafu tu. Kwetu, kreatinini huandikwa kwa mikromoli kwa lita, na alama ya mikro, µ, ni mojawapo ya herufi zinazoharibika kwanza. Majina nayo yamo hatarini: ng' huandikwa kwa alama ya mkato juu, na alama hiyo ikiwa ilinakiliwa kutoka programu ya kuandikia barua, si ile ya kwenye kibodi, inaweza kugeuka. Mgonjwa anayetafutwa kwa jina asionekane hufunguliwa faili jipya, na faili jipya halina mzio wake wa penisilini.

Kwa hiyo mazoezi ni ya lazima, tena kwenye nakala kamili ya kanzidata halisi. Toleo halirukwi: aliye kwenye MySQL 5.6 hupitia kwanza 5.7 ndipo aingie 8.0, na kila hatua ina muda wake, ambao hujulikana tu kwa kuufanya na kuupima. Nashauri mazoezi mawili kamili kwa uchache. La kwanza huwa la aibu, la pili ndilo linalotoa idadi ya saa za kuamini.

Wakati wa mazoezi hayo, wanaojaribu wawe wanaotumia. Fundi hujaribu kama ukurasa unafunguka. Mfamasia hujaribu kama dozi ya mtoto bado inahesabiwa kwa uzito. Mimi nina wagonjwa wangu wa majaribio ninaowarudia kila mara: mtoto mchanga wa wiki 3, ambaye umri wake unatakiwa kuonekana kwa siku na wiki, si "miaka 0", mtu mwenye majina yanayofanana na ya mwingine wa kata ileile, mwenye mzio, mwenye matokeo ya miaka mingi, mwenye jibu la maabara linaloanza na alama ya "chini ya", na aliyefariki, ambaye mfumo haupaswi kumpangia miadi. Tangu ule usiku wa Ijumaa nimeongeza jambo moja: andika dawa sasa hivi, kisha tazama saa iliyo mkononi mwako na iliyo kwenye skrini.

Angalizo kwa wakuu wa vituo: nakala ya majaribio ni kumbukumbu za wagonjwa kweli. Ina majibu ya VVU, ina historia za akili, ina namba za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika hapa Tanzania Mei 2023, haitofautishi seva ya kazi na kompyuta ya mazoezi. Funguo ziwe zilezile, na zoezi likiisha nakala ifutwe kabisa.

Sasa chelezo, yaani nakala rudufu. Kila hospitali itakuambia inayo. Swali la kuuliza ni lini mara ya mwisho ilirejeshwa kwenye mashine nyingine ikafunguka. Kampuni ya GitLab, yenye wahandisi ambao sisi hatuwezi kuwalipa, iligundua hili kwa uchungu tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi aliyekuwa akishughulikia hitilafu usiku alifuta kanzidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walipozigeukia chelezo zao wakakuta zile za kila siku hazikuwa zikitengenezwa: kanzidata ilikuwa PostgreSQL toleo la 9.6, lakini kifaa cha kuinakili kilichokuwa kikiitwa kila siku kilikuwa cha toleo la 9.2, kikawa kinashindwa. Nazo barua pepe za kuarifu kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa shughuli nyingine saa 6 kabla. Kazi ya saa 6 hizo ilipotea. Katika hospitali ya rufaa, saa 6 za asubuhi ni mamia ya maagizo ya dawa.

Jambo ambalo vikao hulikwepa zaidi ni uamuzi wa kurudi nyuma. Kanzidata ikishapandishwa kwenda MySQL 8.0 hairudishwi 5.7 kwa kubonyeza kitufe. Njia ni kurejesha nakala iliyochukuliwa kabla ya kuanza. Maana yake, kabla ya milango kufunguliwa, kurudi nyuma kunagharimu usingizi wa mafundi tu. Baada ya wodi kuanza kuandika, kila saa inayopita inaongeza taarifa zitakazofutika tukirudi. Hivyo kuna saa maalumu usiku huo ambapo mtu mmoja anapaswa kusema "tunaendelea" au "tunarudi", na mtu huyo anapaswa kujulikana kwa jina wiki kadhaa kabla. Maoni yangu, ambayo wenzangu wa TEHAMA hawayapendi wote, ni kwamba asiwe fundi. Fundi aliyekesha anayaona mafanikio yakiwa hatua moja mbele. Ni udhaifu wa kibinadamu, nasi madaktari wa upasuaji na wa usingizi tunaufahamu vizuri. Awe mganga mfawidhi au daktari wa zamu aliyeteuliwa, mwenye orodha fupi ya majaribio yaliyotiwa alama na wodi tatu au nne. Orodha isipokamilika kufikia saa iliyowekwa, tunarudi, hata kama imebaki "dakika kumi tu".

Kuhusu siku: Ijumaa usiku inapendwa kwa sababu wikiendi ina wagonjwa wachache wa nje. Lakini pia ina watumishi wachache, maabara ya zamu, na muuza programu asiyepokea simu. Mimi huchagua usiku wa kuamkia siku ya kazi yenye kliniki nyepesi, mbali na mwisho wa mwezi wa takwimu, mbali na siku za mishahara na za mitihani ya wanafunzi, ili asubuhi kila mtu awepo.

Karatasi ziandaliwe kabla, si pale seva inapozimwa. Saa 1 kabla, kila wodi ichapishiwe orodha ya wagonjwa wake, dawa wanazotumia, muda wa dozi inayofuata na mizio. Benki ya damu ipate orodha yake ya makundi ya damu na chupa zilizotengwa. Maabara iandike majibu kwenye fomu zenye namba, nakala mbili, na majibu ya hatari yapigiwe simu na kuandikwa nani amepokea. Vijana wengi walioajiriwa karibuni hawajawahi kufanya kazi zamu nzima kwa karatasi. Wafanye zoezi la mchana mmoja. Utashangaa ni wangapi hawajui rejista ya wodi iko wapi.

Kisha yaliyoandikwa karatasini yaingizwe mfumoni, na hapa kosa la kawaida ni muda. Dawa iliyotolewa saa 2:00 usiku ikiingizwa saa 11:00 alfajiri, mfumo hupenda kuandika alfajiri. Muuguzi lazima aweke muda wa kutolewa kwa mkono, na mtu wa pili alinganishe na karatasi. Sisi tunaosema saa nane usiku huku skrini ikisema 02:00 tunabadilisha saa kichwani siku nzima. Saa 2:00 usiku isiyofikiriwa vizuri huingia kama 02:00 kwa urahisi sana, na ni tofauti ya saa 6. Fomu iwe na visanduku vya saa 24, au iandikwe wazi asubuhi, mchana, jioni, usiku. Karatasi zenyewe zisitupwe hadi faili lihakikiwe.

Kwa mgonjwa na ndugu wa mgonjwa: ukiona tangazo kwamba hospitali inabadilisha mfumo, njoo na kadi yako, karatasi za majibu ya zamani, na dawa unazotumia zikiwa kwenye pakiti zake. Taja mzio wako hata kama unaamini umeandikwa. Ukisomewa jina, umri au namba isiyo yako, usikubali kwa heshima, sema. Na ukipewa dawa ambayo unaamini umeshapewa, uliza, hata kama anayekupa anaharaka na ana kompyuta mbele yake.

Mwaka juzi tulihama tena, safari hii katika kituo ninachofanyia kazi sasa. Kamati ilikuwa na mkunga, mfamasia, mteknolojia wa maabara na karani wa mapokezi, na karani ndiye aliyegundua kwenye zoezi la pili kwamba majina yenye ng' hayatafutiki. Uamuzi wa kuendelea ulipangwa saa tisa usiku. Ilipofika saa tisa, mashine moja ya maabara ilikuwa haijaunganishwa, nasi tukarudi kwenye seva ya zamani, mafundi wakiwa wamenuna. Tulifanikiwa baada ya wiki tatu. Usiku huo wa pili nilipita wodi ya wazazi saa kumi alfajiri nikamkuta mkunga wa zamu ameandika paracetamol ya mama aliyejifungua, kisha ameinua mkono wake wa kushoto na kuuweka sambamba na skrini, akilinganisha.